Mfuko wa Uzi wa Buluu

Majoho yalirudishwa saa tatu asubuhi, yamefungwa ndani ya shuka kuukuu kama nguo za mtu aliyefukuzwa. Mfanyakazi wa chuo aliyeyaleta hakutaka kuingia. Aliyatua kwenye ngazi, akabisha hodi mara moja, kisha akarudi nyuma hatua tatu na kusimama akitazama viatu vyake.

"Fundi, mimi nimetumwa tu," alisema. "Wanafunzi wanasema hawayataki."

"Yana kasoro gani?"

"Hayana kasoro hata moja. Wanasema hawawezi kuhitimu na joho lililoshonwa nyumba hii. Unisamehe, mama. Hata mwanangu ulimshonea."

Fundi alilivuta furushi ndani, akafunga mlango, akaweka komeo, kisha akarudi tena kulihakikisha lile komeo. Mwezi mmoja uliopita hakuwa mtu wa kufunga mlango mchana. Siku hizi aliufunga hata akienda uani kuanika soksi.

Mji wenyewe ulikuwa wa chuo. Chuo kikifungwa, mji ulisinzia. Kikifunguliwa, wapiga picha, wauza madaftari, vinyozi na wenye nyumba za kupangisha wote waliamka. Kwa hiyo basi la chuo lilipopinduka kwenye mteremko wa darajani na kuua wanafunzi tisa, hapakuwa na nyumba ambayo haikulia. Na dereva aliposhtakiwa kwamba aliwaua kwa uzembe, hapakuwa na mtu aliyetaka kusikia neno la upande wake, isipokuwa mume wa Fundi, maana ndiyo ilikuwa kazi yake.

Alikuwa wakili wa mahakamani kwa miaka thelathini na moja, na mjini walimwita Mkasi. Jina hilo lilitokana na tabia yake moja. Hakuamini bahasha wala kabati la ofisini. Karatasi yoyote iliyobeba uzito wa kesi aliileta nyumbani, akampa mkewe, naye mkewe akaishonea mfuko wa kitambaa kigumu, pande zote nne, kwa uzi wa buluu na mshono wa mkono ambao hakuna fundi mwingine mjini aliyeuweza. Siku ikifika, wakili aliuinua mfuko mbele ya hakimu, akamwonyesha kwamba mshono ni mzima, akatoa mkasi mdogo mfukoni mwake, akakata. Wanafunzi wa sheria walijaa mahakamani kuja kuuona mkasi ule tu. Walisema shahidi mwongo huanza kutoka jasho akisikia uzi unakatika.

Nakala alikuwa hatoi. Mashine zote za nakala zilikuwa kwenye vibanda vya lango la chuo, na siku alipopeleka karatasi huko asubuhi, kufika saa ya chakula cha mchana chuo kizima kilikuwa kimeisoma. Tangu hapo aliamini uzi peke yake.

Safari hii ndani ya mfuko mlikuwa na kitabu cha safari cha basi. Dereva alikichomoa katikati ya vioo vilivyovunjika, akakificha kifuani huku damu inamtoka, akampa mama yake hospitalini. Mama yake akamletea wakili. Fundi alikishonea bila kukifungua, kama ilivyokuwa sheria ya nyumba hiyo tangu mfuko wa kwanza. "Wewe shona tu," mumewe alizoea kusema. "Usipokijua, hakuna wa kukukamua."

Mfuko ulikaa kwenye droo ya cherehani, chini ya vigae vya chaki na vifungo. Kila Fundi alipokanyaga cherehani alihisi kama miguu yake inauamsha.

*

Binti yao alikuwa mwaka wa mwisho pale pale chuoni. Jumapili alasiri alirudi nyumbani akiwa amemwagiwa rangi nyeusi kuanzia utosini hadi kifuani. Alisimama mlangoni, mikono kaitenga na mwili, kama mtoto aliyejikojolea.

"Nani kafanya hivi?" Fundi aliuliza.

"Ilitoka juu, kwenye ngazi za maktaba. Watu walikuwa hamsini, mama. Wote walicheka."

"Uliwaona nyuso?"

"Nilifumba macho. Ndiyo maana bado naona."

Fundi alimkalisha kwenye beseni na kumsugua nywele kwa mafuta ya taa. Alisugua kwa nguvu hata akawa anamvuta masikio. Moyoni alikuwa anaomba, sala yake ya siku zote isiyo na maneno mengi: Mungu wangu, huyu ni mmoja, sina mwingine. Mumewe aliingia, akatua mkoba, akasimama akiwatazama bila kuvua koti.

"Iache hii kesi," Fundi alisema bila kugeuka.

"Nikiiacha, nani ataichukua?"

"Yeyote."

"Nimewauliza wote. Kuna mmoja aliponiona alijifungia chooni. Mtu mzima, na tumbo lile, chooni! Nikasikia anavuta maji mara nne ili nidhani ana kazi."

Binti alicheka ndani ya povu, kisha kicheko kikageuka kilio, akanyamaza mwenyewe.

"Nimebaki na huyu mdogo wangu tu," wakili aliendelea. Alikuwa anamsema wakili msichana wa miaka miwili kazini, ambaye alimfundisha mwenyewe na ambaye aliketi kando yake akibeba mafaili. "Na yeye hajawahi kusimama peke yake hata kwenye kesi ya kuku. Siku nne tu, mama. Alhamisi namhoji mkuu wa usafiri. Nikikata ule mfuko mbele yake, mambo yamekwisha."

"Na kama wao watatumaliza kabla ya Alhamisi?"

Wakili alichukua taulo, akaanza kumkausha bintiye shingo.

*

Mkuu wa usafiri wa chuo alikuja Jumanne saa nne asubuhi, wakati wakili yuko ofisini na binti yuko kwenye mtihani. Alikuwa mtu mnadhifu, mnene kidogo, mwenye sauti ya taratibu kama ya daktari wa watoto.

"Hodi, shemeji. Au na mimi nawekewa komeo?"

"Karibu," Fundi alisema, kwa sababu mdomo wake ulizoea kusema karibu.

"Nimesikia majoho yamerudishwa. Watoto wana hasira tu, zitaisha. Mimi nimekuja kupimwa. Mwaka huu mahafali natakiwa niketi jukwaa kuu, na joho langu la zamani limegombana na tumbo."

Alicheka. Fundi naye akacheka, kisha akajishangaa. Alichukua kitabu chake cha vipimo, kile chenye jalada jeusi, akafungua ukurasa mpya. Juu kabisa akaandika tarehe, kama alivyoandika kwa kila mteja, na chini yake: mkuu wa usafiri, joho la jukwaa kuu. Akavuta futi iliyoning'inia shingoni mwake. Kazi ilimtuliza mikono. Bega kwa bega, kumi na tisa. Akaandika. Kifua, arobaini na nne. Akaandika.

"Binti yako sasa hivi yuko ukumbi namba tatu," mkuu wa usafiri alisema, mikono akiwa ameinyoosha pembeni kama alivyoagizwa. "Anakaa dirishani. Safu ya pili."

Futi ilisimama.

"Endelea, shemeji, endelea, nasema tu. Ni binti mwenye akili. Nilisikitika sana na ile habari ya rangi. Nikawaambia watu, jamani, afadhali rangi, inatoka. Kuna vitu mtu akimwagiwa havitoki."

Fundi alipima urefu wa mkono. Namba ziliogelea machoni. Hakujua kama ameandika au amefikiria tu kwamba ameandika.

"Unataka nini?"

"Mimi? Joho." Aligeuka kidogo ili apimwe mgongo. "Unajua, garini hakikukutwa kitabu. Polisi walitafuta, na mimi nikatafuta. Nikajiuliza, kitabu kina miguu? Kisha nikakumbuka kwamba wakili wetu hatumii bahasha."

"Mimi sijui mambo ya kesi. Nashona tu."

"Nakuamini. Na anayejua kushona anajua kufumua."

Fundi alikuwa amefika shingoni. Futi ilikuwa imemzunguka yule bwana, na ncha zote mbili zilikuwa mikononi mwa Fundi, chini ya kidevu kilichonyolewa vizuri. Yeye ndiye aliyeshika, na yeye ndiye aliyekosa pumzi.

"Mtihani unaisha saa sita," alisema mkuu wa usafiri, taratibu. "Wanatokea mlango wa nyuma. Kile kichochoro unakijua. Na mzee asijue mpaka Alhamisi. Akijua kabla, na mimi nitajua."

Fundi alifikiria kupiga kelele. Lakini majirani walikuwa wameacha kumsalimia tangu wiki ya pili, na aliona wazi jinsi madirisha yao yatakavyofungwa moja baada ya jingine. Aliomba neno. Mungu nipe neno, hata moja. Halikuja. Kilichokuja ni kiti kando ya dirisha, safu ya pili, na nywele ambazo bado zilinuka mafuta ya taa.

Alifungua droo. Mkuu wa usafiri aligeukia dirisha kwa adabu, kama mwanamume anayempa mwanamke nafasi ya kuvaa.

Uzi wa buluu ulifumuka kwa shida, maana aliushona usifumuke. Kitabu kilipotoka, mikono yake ilikifungua yenyewe. Labda alitaka kukikuta kitupu. Fundi alijifunza kusoma sawasawa ukubwani, madarasa ya jioni, akiwa na miaka arobaini na mbili, na alisoma kama alivyofundishwa: kidole chini ya mstari, midomo ikitembea, neno halivukwi mpaka limeeleweka. Akasoma pale palipowekwa alama ya kikaratasi.

Tarehe tatu: Breki zinavuta kushoto, nimemweleza mkuu. Tarehe kumi na moja: Breki zimezidi, mkuu amesema gari litaingia karakana mwezi ujao. Tarehe kumi na tisa: Nimekataa safari, mkuu amesema wanaoitaka kazi yangu wako wengi. Naenda. Mungu atulinde.

Chini ya kila mstari palikuwa na sahihi ya mkuu kwamba ameona, yenye mkia mrefu kama ndoana. Basi lilipinduka tarehe hiyo hiyo kumi na tisa.

"Usijichoshe macho, shemeji." Alikichukua taratibu mkononi mwake, akakichomeka kiunoni, akafunga kifungo cha koti juu yake. "Joho liwe refu kidogo. Nina viatu vipya."

Alipoondoka, Fundi alibaki na mfuko mtupu mapajani. Alitazama huku na huku akitafuta kitu cha upana ule na unene ule, na mezani kilikuwapo kimoja tu. Alichukua kitabu chake cha vipimo, akakiingiza, akatunga uzi. Alishona upande wa nne bila kuinua kichwa. Ulikuwa mshono mzuri kuliko yote aliyowahi kushona, na hilo lilimtisha kuliko yule bwana.

Saa sita na nusu binti yake aliingia akasema mtihani ulikuwa mwepesi. Fundi alikwenda kulihakikisha komeo.

*

Alhamisi asubuhi alimpigia mumewe pasi joho la mahakamani. Siku mbili nzima alikuwa amejiambia atasema: baada ya chai, baada ya kufua, akishamaliza kula. Siku mbili pia hakuweza kuomba. Akipiga magoti, alijikuta anahesabu mbao za sakafu.

Mumewe alisimama mbele ya kioo akifunga tai kwa mara ya tatu.

"Unajua, leo naogopa," alisema. "Usicheke. Nimesimama kwenye kesi za watu wa kunyongwa, na sijawahi kuogopa hivi. Jana kuna mtu kaniwekea jiwe juu ya meza ya ofisi. Hakurusha. Aliingia, akaliweka juu ya mafaili, akafunga mlango akaondoka. Bora angerusha."

"Baba..."

"Lakini nikishika hiki, natulia." Alipitisha kidole gumba juu ya uzi wa buluu, mshono kwa mshono. "Mkono wako huu, mama watoto. Nikiushika najua kuna kitu kimoja mjini hapa hakijaguswa."

Fundi alishusha pasi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamepangana. Kisha binti akapita mlangoni na mkoba wake, akaaga, akashuka ngazi kuelekea ukumbi namba tatu, na maneno yakarudi yalikotoka.

"Nitakuja mahakamani," ndicho alichoweza kusema.

"Wewe? Hujawahi."

"Leo nitakuja."

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wazazi wa marehemu waliketi upande mmoja, wanafunzi nyuma, na hakuna aliyesogea kumpisha Fundi mpaka mama wa dereva aliposogea mwenyewe kwenye benchi la mbele. Mwanamke huyo alikuwa na mfuko wa plastiki mapajani.

"Ni shati lake," alimnong'oneza Fundi. "Nalifua kila siku ya kesi, nalileta. Nasema labda leo atatoka, asitoke na lile la mahabusu. Bwana wako kaniambia leo ndiyo leo."

Fundi alitazama mbele.

Mkuu wa usafiri alikula kiapo kwa ile sauti yake ya taratibu. Wakili alianza kumhoji kama kawaida yake, kwa upole, akizungukazunguka kama mtu anayetafuta miwani.

"Dereva huyu aliwahi kukulalamikia kuhusu breki?"

"Kamwe."

"Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo, kwa maandishi, kwa ndoto. Kamwe."

Watu walicheka. Hakimu, mama mmoja mwembamba mwenye miwani ya kamba, alitazama juu, wakanyamaza.

"Kitabu cha safari kipo?"

"Kilikuwapo. Kilipotea kwenye ajali."

"Kikipatikana leo, kitasemaje?"

"Kitasema nilivyosema mimi." Na kupitia juu ya bega la wakili, macho yake yalimtafuta Fundi, yakamkuta, yakatabasamu.

Wakili aliuinua mfuko. Ukumbi ulinyamaza hata mafeni yakasikika. Alimwonyesha hakimu mshono, upande kwa upande, akatoa mkasi mdogo. Fundi aliona yote yatakayofuata kabla hayajafuata: uzi unakatika, mumewe anatoa kitabu cha jalada jeusi bila kukitazama, kwa ile fahari yake, anakifungua na kuanza kuwasomea watu viuno vya wake zao. Wanacheka. Wanacheka mpaka miaka thelathini na moja inaisha. Na kule kizimbani kijana mmoja anaangalia mikono yake.

Miguu ilisimama kabla hajaiamuru.

"Baba, usikate!"

"Nani huyo?" hakimu aliuliza. "Karani, mtoe nje."

"Ni mke wangu, mheshimiwa," wakili alisema. Aligeuka, mkasi ukiwa wazi.

"Ndani si..."

"Nyamaza!" Sauti hiyo hakuwahi kumtolea tangu waoane. Macho yake yalikuwa yameshaelewa nusu. "Usiseme kilichomo. Usiseme neno." Kisha akamgeukia hakimu, akashusha mfuko mezani. "Naomba dakika kumi, mheshimiwa. Na naomba mfuko huu ukae mezani pako, mtu asiuguse."

*

Walisimama kwenye veranda ya nyuma, kando ya mafaili ya zamani yaliyofungwa kwa kamba za katani. Wakili msichana alisimama mlangoni akiwazuia watu. Fundi alisema yote, haraka, bila kujitetea: dirisha, safu ya pili, kichochoro, uzi.

Mumewe alisikiliza akiwa ameegemea ukuta. Alionekana mzee.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Mimi naogopa kila siku. Ungeniambia, tungeogopa wawili."

Fundi alilia bila sauti, upindo wa nguo mdomoni. Baada ya muda aliona viatu vya mumewe vimeanza kutembea, hatua tatu huku, hatua tatu kule, na alijua mwendo huo.

"Ulisoma?" aliuliza.

"Nilisoma mistari mitatu. Naijua."

"Niambie."

Alimwambia, tarehe tatu, tarehe kumi na moja, tarehe kumi na tisa, kama anavyosoma vipimo kutoka kichwani.

"Sheria inakubali," mumewe alisema, kama anajisemea. "Karatasi ikishikwa na upande wa pili, wakaificha, aliyeisoma kwa macho yake anaweza kuieleza. Lakini ukiwa shahidi wewe, mimi nimetoka. Siwezi kumhoji mke wangu nikabaki wakili wa kesi." Akasimama. "Na watakuita mwongo. Watasema nimekufundisha usiku kitandani. Ndani uliweka nini?"

"Kitabu changu cha vipimo."

"Kipi?"

"Kile cheusi. Ndicho kilikuwa mezani. Nilikuwa nampima."

Viatu vilisimama kabisa.

"Ulimpima," alisema polepole. "Uliandika?"

"Nilianza kuandika. Kisha akaanza yale maneno yake. Sikumbuki kama..." Alijishika kichwa. "Baba, sikumbuki nilifika wapi. Sikumbuki hata kama niliandika ni nani."

Wakili akamwita yule msichana, akamwinamia sikioni. "Kitabu cha safari usikiguse. Muulize mkuu swali moja tu, kisha kaa chini. Ukiuliza la pili, nitakukana mbele ya watu."

Waliporudi ndani, wakili alimweleza hakimu kwamba mke wake atakuwa shahidi wa utetezi na kwa hiyo yeye anajitoa. Alivua joho palepale, akalikunja, akamkabidhi msichana kiti chake. Hakuna aliyecheka. Msichana alisimama. Karatasi aliyoishika akaiweka chini.

"Shahidi, umewahi kwenda kwa Fundi kupimwa nguo?"

Mkuu wa usafiri alifikiri kidogo tu. "Sijawahi kukanyaga nyumba ile. Vipimo vyangu viko ofisini, majoho huletwa."

Msichana alikaa.

*

Hakimu alitoa siku saba, na akaamuru chuo kilete kitabu cha safari. Mfuko akaufungia kwenye sanduku la mahakama, ukiwa na mshono wake mzima.

Zilikuwa siku ndefu kuliko zote. Polisi waliandika maelezo ya Fundi na kusema watafuatilia. Kila asubuhi wakili aliyekuwa hana tena kesi alimsindikiza bintiye hadi ukumbi namba tatu, akaketi chini ya dirisha lile na gazeti, mpaka saa sita. Wanafunzi walipita wakimwita Mkasi Butu. Siku ya pili mtu alimmwagia maji, maji tu, na alipoyasikia mgongoni alipiga kelele kama mtoto, kisha akajipapasa, akaona ni maji, akaendelea kukaa. Fundi alisikia habari hiyo kwa binti. Siku ya tatu akafunga cherehani, akaenda akakaa naye, bega kwa bega, kwenye ngazi.

Alirudi pia kuomba. Hakuomba ushindi. Aliomba ukurasa mmoja. Mungu wangu, mkono wangu ulikosa, lakini huenda uliandika.

Siku ya saba chuo kilileta jibu la mstari mmoja: kitabu hakipo. Fundi akaitwa kizimbani. Mumewe aliketi kwenye benchi la watu, kando ya mama wa dereva, akiwa na shati la kawaida, mikono kaibana katikati ya magoti.

Alieleza. Alisema na lile la aibu, kwamba alikitoa mwenyewe kwa mikono yake. Upande wa wazazi wa marehemu mtu alisema kwa sauti, "Mungu atakuona." Fundi alijibu, "Ananiona," na hakimu akagonga meza.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mwenye haraka. "Mama, unataka tuamini kwamba ulisoma kitabu ambacho hakipo, ukampa mtu ambaye kwa kiapo hajawahi kufika kwako? Nani alikuwapo?"

"Tulikuwa wawili."

"Yaani wewe na yeye. Na yeye anakana."

"Ndiyo."

"Basi." Alikaa akiwa ametosheka.

Wakili msichana alisimama na kuomba mfuko ukatwe. Sanduku likafunguliwa, mfuko ukaletwa, karani akaanza kupekua droo akitafuta mkasi. Hakukuwa na mkasi. Kwenye benchi la watu mume wa Fundi alisimama, akauliza kwa ishara, hakimu akaitikia kwa kichwa. Akatembea hadi mbele, akaweka mkasi mdogo juu ya mbao za kizimba, akarudi kukaa bila kumtazama mtu.

"Mshono ni wako?" hakimu aliuliza.

"Ni wangu, mheshimiwa."

"Mzima?"

"Mzima."

"Kata."

Alikata. Mara mbili mkasi ulikosa uzi. Kitabu cheusi kilitoka na vumbi la chaki. Alifungua kutoka nyuma, karatasi tupu, tupu, tupu. Kisha ukatokea ukurasa ulioandikwa.

Mwandiko ulianza umenyooka na kushuka ukipinda, kama wa mtu anayeandika ndani ya gari. Aliuweka kidole chini ya mstari.

"Soma kwa sauti," alisema hakimu.

"Jumanne," Fundi alisoma, na tarehe yake. "Mkuu wa usafiri. Joho la jukwaa kuu. Bega, kumi na tisa. Kifua, arobaini na nne. Mkono, ishirini na nne." Mstari wa mwisho ulikuwa umekandamizwa hadi penseli ikatoboa karatasi. Hakukumbuka kuuandika. Midomo yake iliutembeza kwanza bila sauti, mpaka akauelewa.

"Shingo," alisema. "Kumi na sita na nusu."

Nyuma ya chumba mkuu wa usafiri alikuwa ameketi safu ya tatu. Hakuna aliyemwambia kitu. Lakini mkono wake ulipanda wenyewe, ukaenda kwenye kola, ukakaa pale, mbele ya macho ya ukumbi mzima.

Hakimu alivua miwani, akamwangalia kwa muda, akaivaa tena. "Polisi asimame mlangoni," alisema. "Fundi, turudie ile mistari mitatu. Polepole, naandika."

Fundi alishika mbao za kizimba. Hofu ilikuwa palepale, haikuwa imesogea hata inchi moja. Kwenye benchi la mbele mama wa dereva alikuwa ametoa shati kwenye mfuko wa plastiki, na kwa viganja vyote viwili alianza kulinyoosha mikunjo juu ya magoti yake.

"Tarehe tatu," Fundi alianza.